Mfereji Ulioishia Njiani

Sisi walimu wa historia tuna desturi ya kupenda kazi zilizokamilika. Tunafundisha Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, na Mfereji wa Panama, uliofunguliwa mwaka 1914, kwa sababu meli zinapita humo hadi leo, na mwanafunzi akiulizwa faida zake anaweza kuzitaja tano bila kupumua. Mifereji iliyoshindwa haimo katika muhtasari wa masomo. Nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa miaka kumi na miwili ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Katika vitabu vyote vilivyopita mikononi mwetu hapakuwa na hata sentensi moja juu ya mfereji ninaotaka kuuzungumzia hapa.

Mfereji huo unaitwa Chesapeake and Ohio. Uko nchini Marekani. Unaanzia Georgetown, ndani ya mji wa Washington, na kufuata ukingo wa mto Potomac upande wa Jimbo la Maryland, hadi mji mdogo wa Cumberland ulioko milimani. Urefu wake ni maili 184 na nusu, yaani kilomita 297 hivi. Ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha kuongeza nusu ya safari hiyo. Haujapitisha mzigo wa biashara tangu mwaka 1924.

Binti yangu na mumewe wanaishi na kufanya kazi Maryland, nami nilikaa kwao miezi mitatu. Mzee aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri hana la kufanya katika nyumba ambayo ikifika saa mbili kila mtu ameshatoka, huyu kazini, yule shuleni. Nikaanza kutembea kwa miguu kando ya mfereji, ambao haukuwa mbali. Baada ya wiki mbili mkwe wangu alinitafutia baiskeli yenye gia ishirini na moja. Mimi nimezoea Phoenix, ambayo gia yake ni goti la mwenye baiskeli, lakini njia ile ni tambarare kiasi kwamba gia zile zilikuwa kama mapambo tu.

Sikuumaliza wote. Wako vijana wanaoumaliza kwa siku tatu au nne. Mimi niliupitia vipande vipande. Mwishoni mwa juma mkwe wangu alinipeleka kwa gari sehemu za mbali, tukaendesha pamoja, yeye mbele na mimi nyuma. Nikijumlisha, labda nimepita maili tisini, nyingine mara mbili mbili.

Njia yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya nyumbu. Sisemi nyumbu wetu wa Serengeti, ambao hakuna aliyewahi kuwafunga kamba; nasema wale wanaozaliwa na punda dume na farasi jike, ambao watu wa pwani waliwaita baghala. Nyumbu wawili au watatu walitembea kwa mstari juu ya njia, wakivuta kamba ndefu, na mwisho wa kamba hiyo ilikuwa mashua bapa, refu na nzito, ya aina ambayo bandarini kwetu tungeiita tishali. Tishali moja ilikuwa na urefu wa futi 92 hivi na iliweza kubeba tani 120 za makaa ya mawe. Nyumbu walifanya kazi kwa zamu ya saa sita. Walipochoka waliingizwa katika zizi lililokuwa mbele ya tishali yenyewe, na wenzao waliokuwa wakipumzika humo wakatolewa. Safari ya kutoka Cumberland hadi Georgetown ilichukua siku nne hadi saba.

Leo anayepita hapo huona mambo mawili kwa zamu. Kuna sehemu ambazo mfereji bado una maji; yamesimama, ya kijani, kobe wamejipanga juu ya magogo kama wanafunzi wa darasa la kwanza kwenye benchi. Kuna sehemu nyingine, nazo ndizo nyingi, ambazo mfereji ni bonde kavu, na ndani yake imeota miti ambayo mtu mmoja hawezi kuikumbatia. Mtu asiyeambiwa angedhani ni korongo la kawaida, mpaka aone mbele yake kuta mbili za mawe yaliyochongwa, zimesimama wima katikati ya msitu.

Wazo la kuufuata mto huo ni la zamani kuliko mfereji. George Washington, kabla hajawa rais wa kwanza, alianzisha kampuni mwaka 1785 ya kutengeneza njia ya mashua katika mto Potomac, akiamini kwamba nchi za ndani zisipounganishwa na pwani kwa biashara, zitakwenda zao. Mpango huo haukufaulu kama ilivyotarajiwa. Ndipo lilipokuja wazo la kuacha mto kabisa na kuchimba mfereji kando yake, upande milima na kushuka upande wa pili hadi mto Ohio, kwenye mji wa Pittsburgh.

Tarehe 4 Julai 1828, Rais John Quincy Adams alikuja kuanzisha uchimbaji. Alipiga sepeto, likagonga mzizi. Akapiga tena, hali ikawa ileile. Basi rais akavua koti mbele ya umati, akaanza kuchimba kwa nguvu hadi udongo ukakubali, na watu wakashangilia. Siku ileile, mjini Baltimore, mzee Charles Carroll, ambaye ndiye aliyekuwa hai peke yake kati ya waliotia saini tangazo la uhuru wa Marekani, alianzisha ujenzi wa reli ya Baltimore and Ohio. Kazi mbili, siku moja, shabaha moja: kufika mto Ohio. Reli ilifika Cumberland mwaka 1842. Mfereji ulifika mwaka 1850, ukaishia hapo. Umegharimu zaidi ya dola milioni 11, na Pittsburgh hawakuuona.

Katika sehemu moja iitwayo Point of Rocks, ambapo mlima umeusogelea mto hadi kubaki ukanda mwembamba tu, kampuni hizo mbili zilishtakiana kuhusu nani apite kwanza. Mfereji ulishinda kesi mwaka 1832. Nilisimama hapo na baiskeli. Upande mmoja garimoshi refu la mizigo lilikuwa likipita, mabehewa yasiyohesabika. Upande mwingine mfereji ulioshinda kesi umejaa majani makavu.

Nieleze kidogo jinsi mashua inavyopanda mlima, maana ni jambo ninalopenda kulieleza. Kati ya Georgetown na Cumberland kuna kimo cha futi 605, yaani mita 184 hivi. Maji hayawezi kukaa katika mteremko; yatakimbia. Kwa hiyo mfereji hujengwa kama ngazi: kipande tambarare, kisha hatua, kisha kipande tambarare. Kila hatua ni chumba cha mawe kisicho na paa, chenye milango mikubwa ya mbao juu na chini. Mashua inayopanda huingia kwa mlango wa chini, mlango hufungwa nyuma yake, halafu vishubaka vya mlango wa juu hufunguliwa kidogo na maji humiminika ndani. Mashua huinuka pamoja na maji, kama kizibo ndani ya ndoo. Maji yakilingana na yale ya juu, mlango wa juu hufunguliwa na nyumbu wanaendelea. Hakuna injini wala pampu. Mtu mmoja na mkewe waliweza kuendesha chumba kizima kwa kusukuma mti mrefu wa mlango kwa mgongo. Vyumba vya namna hiyo viko 74, na kando ya vingi ilijengwa nyumba ndogo ya mlinzi, ambaye aliitwa kwa honi usiku na mchana.

Vyumba hivyo vina namba, na ziko namba ambazo zingemfanya mwalimu wa hesabu akune kichwa. Karibu na Paw Paw, baada ya chumba cha 62 unakutana na chumba cha 63 na theluthi moja, kisha cha 64 na theluthi mbili, halafu cha 66. Wahandisi waliposogea kule walipunguza chumba kimoja ili kuokoa fedha, na kwa kuwa namba za mbele zilikuwa zimeshatumika, waligawa pengo kwa usawa. Nilicheka peke yangu pale njiani. Hivyo ndivyo ofisi zifanyavyo duniani kote.

Baada ya kucheka niliinama kuangalia mawe. Katika kuta za vyumba vingi kuna alama ndogo zilizochongwa kwa tindo: msalaba, mshale, herufi, pembetatu. Ni alama za waashi. Kila mwashi alikuwa na yake, ili ijulikane jiwe ni kazi ya nani. Kwenye pembe za juu za kuta kuna mifereji midogo, laini, ambayo kidole huingia. Hiyo ilichongwa na kamba, kwa kupita na kupita tena kwa miaka 70.

Waliochimba ni akina nani? Wengi walitoka Ireland, wengine Ujerumani, Wales na Uingereza. Katika miaka ya mwanzo wako walioletwa kwa makubaliano kwamba nauli ya meli watailipa kwa kazi. Walifika, wakaona sururu, toroli, matope na mbu wa mto Potomac, na wengi wakatoroka. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia katika kambi, kikarudi mwaka uliofuata. Wenye mashamba jirani waliwaogopa wagonjwa kuliko walivyoogopa ugonjwa. Mwezi Januari 1834, wachimbaji waliotoka sehemu mbalimbali za Ireland walipigana wenyewe kwa wenyewe karibu na Williamsport, kwa sababu kazi ilikuwa inapungua na kila kundi lilitaka jingine liondoke. Rais Andrew Jackson alipeleka askari wa serikali kuu. Wanahistoria wanasema ilikuwa mara ya kwanza kwa jeshi la nchi ile kutumwa katika mgogoro wa wafanyakazi.

Maryland ilikuwa nchi ya utumwa. Wako Waafrika waliokodishwa na mabwana zao wakachimba pamoja na hao Waairishi, ila bila kulipwa. Karibu na Sharpsburg kuna nyumba kubwa juu ya kilima iitwayo Ferry Hill. Mfereji unapita chini yake. Mwenye nyumba hiyo, John Blackford, aliandika shajara katika miaka ya 1830, na katika shajara hizo wametajwa watumwa wawili, Jupe na Ned, waliokuwa wakiendesha kivuko chake katika mto. Waliendesha karibu peke yao: walivusha watu, walitoza nauli, walipeleka fedha nyumbani kwa bwana. Yaani watu wawili walioaminiwa kushika fedha za watu lakini wenyewe walihesabiwa kuwa mali. Katika shajara wanaitwa kwa jina moja moja tu. Utumwa ulifutwa mjini Washington mwezi Aprili 1862, na Maryland mwezi Novemba 1864. Kwa hiyo kwa miaka miwili na nusu njia hiihii ya nyumbu ilikuwa na uhuru kwenye mwanzo wake na utumwa katika maili zake zote zilizobaki. Mimi ninatoka kusini mwa Tanzania, ambako wazee walituonyesha zilikopita njia za kwenda Kilwa. Sikuweza kuendesha baiskeli pale Ferry Hill. Nilishuka, nikaikokota.

Hapa sina budi kutoka kidogo nje ya Maryland, kwa sababu katika safari hizi nilikuwa nikibishana kimoyomoyo na jambo la nyumbani. Nilizaliwa mwaka 1950, katika kijiji kilicho kati ya Mtwara na Nachingwea. Mwaka mmoja kabla ya hapo reli ya karanga ilikuwa imefika Nachingwea. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka: baada ya vita kuu ya pili serikali ya Uingereza iliamua kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Ikajengwa bandari Mtwara, ikajengwa na reli. Karanga hazikukubali, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli ilibaki bila mzigo wa kutosha, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma viking'olewa. Baba yangu alikuwa katika genge la reli hiyo. Alibeba kokoto. Tuta lilikatiza nyuma ya shamba letu, nasi watoto tulipita juu yake kwenda shule kwa kuwa palikuwa pakavu wakati wa masika. Nilipokwenda huko mara ya mwisho, sehemu kubwa ya tuta lile ilikuwa imelimwa mihogo, na kijana niliyemwuliza hakujua kwamba garimoshi liliwahi kupita hapo. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia, na hakuna jiwe lenye alama.

Ndiyo maana sikubaliani na wageni wanaokwenda kwenye mfereji ule na kusema tu kwamba ni mzuri. Ni mzuri kweli. Daraja la maji la Monocacy, lililojengwa kati ya mwaka 1829 na 1833, lina matao saba na urefu wa mita 157, na mashua zilipita juu yake, mto ukipita chini. Asubuhi, jua likiyapiga mawe yale meupe, mtu husimama bila kupenda. Mwaka 1862 askari wa Kusini walijaribu kulilipua wakashindwa, maana waashi walijenga kwa uaminifu. Lakini uzuri huo una deni. Vilevile sikubaliani na vitabu vinavyosema mfereji ulishindwa, halafu vikafunga ukurasa. Mwaka 1875 peke yake ulipitisha karibu tani milioni moja, nyingi zikiwa makaa ya mawe. Watu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka juu ya tishali hizo. Kazi ya miaka sabini na zaidi si kushindwa. Haukufika ulikokusudiwa, basi.

Jambo lililonigusa zaidi kama mwalimu ni watoto. Kepteni wa tishali mara nyingi alisafiri na mke na watoto, kwani ndio waliokuwa wafanyakazi wake wa bei nafuu. Mtoto wa miaka kumi alitembea na nyumbu maili baada ya maili, mvua au jua, akilala akitembea. Wadogo zaidi walifungwa kamba kiunoni, kamba ikafungwa kwenye tishali, wasitumbukie majini wakati mama anapika au anashika usukani. Shule ilikuwa ni ya miezi ya baridi tu, mfereji ulipokaushwa kuanzia Desemba hadi Machi. Mwaka 1923 idara ya kazi ya serikali ya Marekani ilichapisha uchunguzi kuhusu watoto hawa wa mifereji. Mwaka uliofuata mfereji ukafungwa. Nimewahi kuwa na wanafunzi wenye historia ya namna hiyo; walianza shule wakiwa na miaka kumi na miwili kwa sababu ya kuchunga ng'ombe, na mikono yao ilishika kalamu kama fimbo. Wengine wao leo ni wakaguzi wa elimu. Wa mfereji waliobahatika wapi, na wasiobahatika wapi, njia haisemi.

Katika Paw Paw mfereji unapita chini ya mlima. Jina hilo ni la tunda la msituni huko, si papai letu, ingawa wakoloni waliliita papai letu hivyohivyo. Handaki lina urefu wa mita 950, na kuta zake zimejengwa kwa matofali yapatayo milioni sita. Kazi ilianza mwaka 1836, ikatarajiwa kwisha kwa miaka miwili, ikaisha mwaka 1850. Tulishuka kwenye baiskeli, mkwe wangu akawasha tochi. Ukiwa katikati, mlango ulioingilia unaonekana kama sarafu ya shilingi nyuma yako, na ule wa mbele kama sarafu nyingine. Njia ya nyumbu ni nyembamba, imewekwa boriti za mbao pembeni, na boriti hizo zimelika kwa kamba. Tishali mbili hazikuweza kupishana humo. Husimuliwa kwamba makepteni wawili walikutana ndani na kila mmoja akakataa kurudi nyuma, wakakaa siku kadhaa, hadi msimamizi alipowasha mabua mabichi ya mahindi upande mmoja na moshi ukawatoa.

"Baba, angalia hapo chini, kuna utelezi," mkwe wangu alisema, na sauti yake ilizunguka mara tatu kabla ya kutulia.

Kilichoua mfereji ni maji. Mafuriko makubwa ya mwaka 1889 yalibomoa kuta kila mahali, kampuni ikafilisika, na aliyeushika mfereji baada ya hapo alikuwa mshindani wake, kampuni ya reli. Ilipofika mwaka 1920 ukuta mmoja wa daraja la maji la Williamsport ulianguka, tishali moja ikamwagika pamoja na maji hadi mtoni. Mafuriko ya mwaka 1924 yalikuja, na safari hii hakuna aliyeona faida ya kutengeneza.

Serikali iliununua mfereji mwaka 1938 kwa dola milioni 2. Maili 22 za chini zilikarabatiwa na vijana wasio na ajira waliokusanywa katika makambi ya kazi za umma. Makambi mawili yaliyofanya kazi hiyo yalikuwa ya vijana weusi, kwani makambi wakati ule yalitengwa kwa rangi. Njia niliyotembea wiki mbili za mwanzo, kuanzia Georgetown kwenda juu, imepita katika mikono yao.

Katika miaka ya 1950 ulikuja mpango wa kujenga barabara ya magari juu ya mfereji. Mwezi Januari 1954 gazeti la The Washington Post liliandika kuunga mkono. Jaji wa Mahakama Kuu ya nchi, William O. Douglas, ambaye alipenda sana kutembea porini, aliliandikia gazeti hilo barua akimwalika mhariri watembee pamoja kutoka Cumberland hadi Washington; akishaona mwenyewe, alisema, atabadili mawazo. Mhariri alikubali. Waliondoka Cumberland tarehe 20 Machi 1954, wakiwa kundi kubwa la watu. Siku ya nane, waliofika Washington baada ya kutembea njia yote kwa miguu walikuwa tisa, jaji akiwa mmoja wao. Wahariri miguu ilikuwa imevimba, lakini gazeti lilibadili msimamo wake. Rais Eisenhower aliupa mfereji hadhi ya ukumbusho wa taifa mwezi Januari 1961, na Rais Nixon alitia saini sheria ya kuufanya hifadhi ya kihistoria ya taifa tarehe 8 Januari 1971. Kule Georgetown kuna sanamu ya Jaji Douglas, kifua na kichwa.

Anastahili. Mzee wa miaka 55 aliyeacha kiti cha mahakama akatembea maili 184 ili watu wengine wapate pa kutembea, huyo namvulia kofia. Ila nilitazama sanamu ile nikafikiri kwamba alitembea siku nane na akapata sanamu, na Jupe alivusha watu miaka mingi na hajulikani hata jina la baba yake. Nilimwambia mjukuu wangu hivyo, siku ile tulipokwenda naye. Yeye ana miaka kumi na mmoja. Akauliza, "Babu, kwani babu yako mwingine wa reli alikuwa anaitwa nani?" Alimaanisha baba yangu. Nikamtajia jina lote, na la baba yake, na la kijiji. Akaniomba nimwandikie maana hakuweza kuyatamka. Aliyabandika kwenye mlango wa friji, na nilipoondoka yalikuwa bado yapo.

Safari yetu ya mwisho, mkwe wangu na mimi, ilikuwa ya Cumberland. Hapo mfereji unakwisha ghafla, katikati ya mji, karibu na stesheni ya zamani. Lakini njia ya baiskeli haikwishi. Kutoka hapo, kwa kufuata tuta la reli nyingine iliyokwisha kung'olewa, imetengenezwa njia ya maili 150 hadi Pittsburgh, nayo ilikamilika mwaka 2013. Kwa hiyo mtu anaweza sasa kwenda kutoka Washington hadi mto Ohio bila kukutana na gari, kama walivyotaka watu wa 1828, ila bila makaa ya mawe na bila nyumbu.

Tulikuwa tukifunga baiskeli zetu nyuma ya gari walipotokea wanawake wawili wa makamo, wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Walikuwa wametoka Pittsburgh siku ya tatu hiyo. Waliuliza hali ya njia huko mbele. Mkwe wangu aliwaambia kwamba mvua ya juzi imeacha matope, na kwamba maji ya pampu zilizoko njiani ni salama ila yana ladha ya dawa. Mimi niliwaambia kuhusu handaki, washuke na wawe na tochi, na wapitishe kidole juu ya zile boriti zilizolika. Walishukuru, wakajaza chupa, wakajaribu taa zao kama zinawaka, kisha wakashika njia ya nyumbu kuelekea Georgetown.